Alama za Urithi na Kinga ya Ng'ombe Wetu

Na Mwalimu wa Biolojia

Elimu ya urithi hufundishwa katika Kidato cha Nne, na mara nyingi mwanafunzi huimaliza akiwa anazijua vizuri njegere za Gregor Mendel za mwaka 1866, lakini hajui zinamhusu nini ng'ombe aliyefungwa zizini kwao. Makala haya yamekusudiwa kuziba pengo hilo. Nitaeleza jinsi wataalamu wanavyotumia alama za urithi kuchungua jeni za kinga katika wanyama, na kwa nini jambo hilo, ambalo laonekana kuwa la maabara za mbali, lamgusa kila mwenye kihamba katika mitelemko ya Kilimanjaro. Mzazi ambaye hakusoma biolojia asiogope. Maneno magumu nitayafafanua kila nitakapoyataja.

NG'OMBE WA KIHAMBA

Mlimani kwetu ardhi ni finyu, kwa hiyo ng'ombe hawaendi machungani. Hukaa zizini na kuletewa majani, mabua, na magogo ya migomba. Wao hutoa maziwa ya watoto na ya kuuza, na samadi yao hurudi kwenye migomba na kahawa. Nyumba nyingi zina ng'ombe mmoja, wawili au watatu tu. Basi mmoja akifa, si kwamba kundi limepungua. Maziwa yote ya nyumba yamekatika, na pengine karo ya muhula nayo imekwenda.

Zamani ng'ombe wa mlimani walikuwa wa kienyeji, yaani zebu wadogo wenye nundu na pembe fupi. Maziwa yao yalikuwa kidogo, lakini walivumilia maradhi. Baadaye waliletwa Friesian, Ayrshire na Jersey, wakachanganywa na wa kienyeji, na leo wengi wa ng'ombe wetu ni machotara. Mbegu hupatikana kwa njia mbili: kwa fahali wa jirani, au kwa mrija wa mhimilishaji, ambao mbegu yake hutoka katika vituo kama kile cha taifa kilichopo Usa River. Njia zote mbili zina faida, lakini zina hatari moja inayofanana: fahali mmoja huweza kuwa baba wa ndama wengi mno katika tarafa moja. Hatari hiyo ndiyo tutakayoipima.

NDIGANA HUUAJE?

Ugonjwa unaowatisha zaidi wafugaji wa Afrika Mashariki ni ndigana kali. Robert Koch, mtaalamu mashuhuri wa Ujerumani, alikiona kijidudu chake katika damu ya ng'ombe mjini Dar es Salaam mwaka 1897, ingawa alidhani ni ugonjwa mwingine. Ni baadaye tu, katika kazi ya Arnold Theiler huko Afrika Kusini, kilipotambuliwa kuwa ni kijidudu cha peke yake, na leo kinaitwa Theileria parva.

Kijidudu hiki huletwa na kupe wa kahawia apendaye kukaa masikioni. Kupe akinyonya, vijidudu humwingia ng'ombe pamoja na mate yake, navyo huzivamia chembe nyeupe za damu, yaani zile zile zilizowekwa kuulinda mwili. Huko havikai kimya. Huzifanya chembe hizo zigawanyike ovyo, na kila chembe inapogawanyika vijidudu navyo hugawanyika pamoja nayo. Ndiyo maana matezi ya chini ya sikio huvimba, homa hupanda, ng'ombe huacha kula, hupumua kwa shida, na mwisho povu hutoka puani. Mnyama wa kigeni asiyetibiwa mapema aghalabu hufa katika wiki chache.

Lakini si wote wafao. Katika nchi zenye kupe wengi, ndama wengi wa zebu huugua kidogo, hupona, na baada ya hapo huwa na kinga. Kwa nini mmoja afe na mwingine apone, hali kupe ni wale wale? Sehemu ya jibu imo katika jeni za kinga.

ASKARI NA NYUNGO

Chembe ya mwili iliyovamiwa haiwezi kupiga kelele. Inachoweza kufanya ni kuchukua vipande vidogo vya kijidudu kilicho ndani yake na kuvianika nje juu ya ngozi yake, kama mama anavyoanika nafaka katika ungo mbele ya nyumba. Askari wa mwili, ambao ni aina nyingine ya chembe nyeupe, hupita na kukagua nyungo hizo. Wakiona kipande kigeni, huiua chembe hiyo pamoja na adui aliyemo.

Sasa nyungo hizi hazilingani. Umbo la kila ungo huamuliwa na jeni. Kipande fulani cha kijidudu hukaa vizuri katika ungo wa namna moja, lakini katika ungo wa namna nyingine huteleza na kuanguka, askari wasikione. Kundi la jeni zinazotengeneza nyungo hizi, katika ng'ombe, huitwa kwa kifupi BoLA, nalo limo katika kromosomu ya 23. Katika farasi kundi hilo huitwa ELA, nalo limo katika kromosomu ya 20. Binadamu naye analo lake.

Kila mnyama hupata seti moja ya jeni hizi kwa mama na seti nyingine kwa baba. Akipata seti mbili tofauti, ana nyungo za namna nyingi, na vipande vingi zaidi vya adui vitaonekana. Akipata seti mbili zinazofanana, nyungo zake ni chache. Na jambo kubwa kuliko hilo ni hili: katika kundi ambalo kila ng'ombe ana nyungo tofauti na mwenzake, kijidudu kinachojificha kwa mmoja kitafichuka kwa mwingine. Kundi lenye nyungo za namna moja ni kama mtaa ambao kila mlango hufunguliwa kwa ufunguo mmoja.

Hata chanjo ya ndigana hutufundisha hivyo. Chanjo iliyotengenezwa Muguga, Kenya, katika miaka ya 1970, haina kijidudu cha aina moja tu. Ina mchanganyiko wa aina tatu za Theileria parva hai, nayo hutolewa pamoja na dawa ya kuzuia ugonjwa usizidi. Aina ya adui ni nyingi, na kila ng'ombe humtambua adui kwa nyungo zake mwenyewe.

MASALE YA URITHI

Tutajuaje ng'ombe fulani ana jeni zipi, hali hazionekani kwa macho? Hapa ndipo zinapokuja alama za urithi.

Kila mwanafunzi wa Kilimanjaro anayajua masale, ile mimea inayopandwa mipakani mwa vihamba. Sale si shamba, wala halizai ndizi. Lakini ukiliona unajua kihamba cha nani kinaanzia hapo. Alama za urithi ni masale ya namna hiyo. Ni mahali katika uzi wa DNA ambapo wanyama hutofautiana, napo huweza kusomwa kwa urahisi. Alama yenyewe pengine haifanyi kazi yoyote mwilini, lakini kwa kuwa iko jirani na jeni fulani, hurithiwa pamoja nayo.

Alama zitumikazo sana ni za namna mbili.

Ya kwanza ni marudio. DNA huandikwa kwa herufi nne tu: A, T, G na C. Mahali pengine herufi mbili au tatu hurudiwarudiwa, kama CACACACA. Ng'ombe mmoja ana marudio 12, mwingine ana 15. Kwa kuhesabu marudio tunaweza kujua ndama alipata nini kwa mama na nini kwa baba. Njia hii hutumika pia kuthibitisha baba wa ndama au wa mtoto wa farasi.

Ya pili ni herufi moja iliyobadilika. Mahali ambapo ng'ombe wengi wana A, wengine wana G. Alama moja ya namna hii haisemi mengi, lakini siku hizi kibao kidogo cha kioo huweza kusoma alama 50,000 na zaidi za mnyama mmoja kwa mara moja. Jambo hilo lilisaidiwa na kazi ya kusoma uzi mzima wa DNA ya ng'ombe na ule wa farasi, ambayo ilichapishwa mwaka 2009. Ng'ombe aliyesomwa alikuwa wa aina ya Hereford, na farasi alikuwa jike wa mbio aliyeitwa Twilight.

Kazi huanza kwa nywele chache za mkia zilizong'olewa na mizizi yake, au tone la damu. Katika maabara DNA hutolewa, sehemu inayotakiwa hunakiliwa mara mamilioni, kisha alama husomwa na kuandikwa. Mwisho wataalamu huuliza maswali mawili. Je, katika mnyama huyu, alama za upande wa mama na za upande wa baba hutofautiana mara ngapi? Na je, katika kundi zima ziko namna ngapi?

Yafaa pia tuonywe. Kama vile sale linavyoweza kung'olewa na kupandwa mahali pengine, ndivyo alama na jeni zinavyoweza kutenganishwa wakati mbegu za uzazi zinapotengenezwa. Kadiri alama ilivyo karibu na jeni, ndivyo ushahidi wake unavyoaminika.

MAMBO YALIYOONEKANA

Tuanze na farasi, maana katika wao watu wameandika vizazi kwa muda mrefu. Kitabu cha ukoo wa farasi wa mbio wa Uingereza kilianza kuchapishwa mwaka 1791, na madume wote wa aina hiyo hurejea, kwa upande wa baba, kwa mafahali watatu tu walioletwa kutoka nchi za mashariki. Farasi hao wana mbio sana, lakini ukoo wao umefungwa. Damu ya nje haiingii. Kwa hiyo wataalamu huzitazama kwa makini alama zilizo jirani na ELA, wapate kujua ni namna ngapi za kinga zilizobaki. Fundisho ni kwamba kuchagua sifa moja, iwe mbio au maziwa, huweza kupoteza sifa nyingine bila mtu kujua.

Sasa turudi kwetu Afrika Mashariki. Kuanzia mwaka 2007, wataalamu waliwafuata ndama 548 wa zebu katika Kenya ya magharibi, upande wa Busia, kila mmoja tangu kuzaliwa kwake hadi karibu mwaka mmoja. Waliandika kila homa, kila kupe, kila kifo. Kisha walisoma alama zao za urithi zipatazo 50,000. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalikuwa mawili. Ndama ambao alama zao za mama na baba zilifanana mno walielekea zaidi kuugua. Na ndama waliokuwa na damu ya ng'ombe wa Ulaya ndani yao, ingawa kwa macho walionekana zebu watupu, nao walielekea zaidi kuugua. Ndugu msomaji, angalia kwamba hao walikuwa ndama wa wakulima wadogo kama sisi. Hawakuwa wa maabara.

Mfano wa pili ni wa fahali. Huko huko Kenya, watafiti wa ndigana waliona kwamba wazao wa fahali mmoja wa aina ya Boran, walipoambukizwa ndigana kali, walipona mara nyingi kuliko ng'ombe wengine. Walizisoma alama za wazao hao, waliopona na waliokufa, wakatafuta ni sale lipi linalofuatana na kupona. Mwaka 2022 walitangaza kwamba walifika penye jeni iitwayo FAF1B. Jeni hiyo haimo katika kundi la BoLA. Basi tusidhani kwamba kinga ni jambo la mahali pamoja; ni kazi ya jeni nyingi, na baadhi yake bado zimelala katika ng'ombe wetu wa kienyeji zikingoja kutambuliwa. Tukimmaliza zebu leo, kesho hatutakuwa na pa kutafuta.

Mfano wa tatu si wa mifugo, lakini uko karibu nasi. Mwaka 1962, baada ya mvua kubwa, nzi wanaouma waliongezeka mno katika Kreta ya Ngorongoro. Simba wa humo, waliokuwa kati ya 60 na 75, walibaki kama 10. Baadaye madume 7 waliingia kutoka nje, na idadi ikapanda tena. Lakini uchunguzi wa urithi uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba simba wote wa kreta wametokana na mababu 15 tu, na tofauti zao za urithi ni chache kuliko za simba wa Serengeti. Kwa hesabu ya vichwa, kundi lilikuwa limepona. Kwa hesabu ya urithi, lilikuwa bado maskini. Hilo ndilo lisiloonekana kwa macho bila alama.

HESABU YA BABA NA BINTI

Tuchukue daftari tufanye hesabu. Fahali wa kijiji ana seti mbili za jeni za kinga. Tuziite A na B. Anampanda ng'ombe mgeni mwenye C na D. Anazaliwa mtamba aliyepata A kwa baba na C kwa mama. Miaka miwili inapita. Mtamba yuko tayari kupandwa, na fahali ni yule yule. Ndama atakayezaliwa aweza kuwa mmoja wa hawa:

A kwa baba, A kwa mama;
A kwa baba, C kwa mama;
B kwa baba, A kwa mama;
B kwa baba, C kwa mama.

Katika hali nne, moja ni AA. Huyo ana nyungo za seti moja tu. Na kumbuka kwamba robo hii si ya jeni za kinga peke yake; ni ya kila mahali katika kromosomu. Kila mahali ndama huyo ana nafasi moja katika nne ya kupata nakala mbili za kitu kile kile kutoka kwa mnyama mmoja, yaani baba yake ambaye pia ni babu yake.

Wazee wetu hawakuwa na maabara, lakini katika koo za Wachagga kijana haruhusiwi kuoa binti wa ukoo wake. Vilevile wazee walikuwa na desturi ya kuweka baadhi ya ng'ombe kwa marafiki, ili baa likiingia zizi moja lisimalize yote. Tumeiweka sheria ya kwanza kwa watu, tukaisahau kwa mifugo. Na ile ya pili twaivunja tunapojaza mlima mzima binti za fahali mmoja, maana hata wakikaa mazizi mia, kwa upande wa kinga ni kama wamo zizi moja.

TUFANYE NINI?

Mtu aweza kusema: sisi hatuna maabara. Ni kweli, lakini uchunguzi wa alama unatuthibitishia mambo ambayo daftari la senti chache laweza kuyafanya.

Kwanza, kila nyumba iandike baba wa kila ndama. Kama ni fahali, liandikwe jina lake na la mwenyewe. Kama ni mrija, mwombe mhimilishaji akusomee jina na namba ya fahali. Vimeandikwa juu ya mrija wenyewe.

Pili, fahali asikae mahali pamoja mpaka binti zake wafike umri wa kupandwa. Vijiji viwili vyaweza kubadilishana mafahali, na wote wakafaidika.

Tatu, mtamba wa mrija asipandwe tena kwa mrija wa baba yake. Kosa hili hutokea kwa sababu hakuna aliyeandika.

Nne, tusimdharau zebu. Maziwa yake ni machache, lakini katika damu yake kuna kinga iliyochujwa na kupe kwa karne nyingi. Mwenye nafasi ya kumtunza, hasa ndugu zetu wa tambarare, anatunza akiba ya wote.

Tano, urithi mwema si badala ya kazi. Josho, kunyunyiza dawa ya kupe, chanjo, na kumwita bwana mifugo mapema vyabaki pale pale. Kinga ya urithi hupunguza vifo. Haizuii kupe kuuma.

Na kazi hii yaweza kuanzwa na wanafunzi. Kila mmoja akienda likizo na kuuliza katika nyumba kumi za jirani ni fahali gani aliyezaa mitamba yao, tukirudi tutakuwa na picha ya mlima ambayo ofisi nyingi hazina. Pengine tutakuta majina mengi, tushukuru. Pengine tutakuta jina moja likirudiwa kutoka nyumba hadi nyumba. Basi tutajua wapi pa kuanzia, kabla ndigana haijatuambia yenyewe.

MASWALI

1. Eleza kwa nini alama ya urithi hufananishwa na sale. Mfano huo unapungukiwa wapi?

2. Fahali ana seti A na B. Ng'ombe jike ana seti A na C, lakini hana udugu na fahali huyo. Andika namna nne za ndama. Je, ndama AA wa hapa ni sawa na yule wa baba na binti kwa jeni za kinga? Na kwa jeni nyingine zote?

3. Simba wa Ngorongoro waliongezeka tena baada ya 1962. Kwa nini wataalamu hawakuridhika na idadi yao?

4. Andika ukoo wa ng'ombe mmoja wa nyumbani kwenu kwa vizazi viwili. Ni majina mangapi unayoyajua, na ni nani aliyekuambia?